Msonobari na Mafuta Yake

Fundi seremala wa Tunduma, amalizapo kabati la mbao za msonobari, hulipaka vanishi. Na ili vanishi ipate wepesi huichanganya na mafuta anunuayo dukani kwa jina la tapentaini. Jina hilo ni la kale, lakini mafuta yaliyomo chupani mara nyingi si yale ya kale. Ni zao la mafuta ya ardhini, ndugu wa mafuta ya taa. Tapentaini ya asili ni jasho la mti, na mti wenyewe ni msonobari, jamaa ya ule ubao uliolala juu ya meza ya fundi, ambao aurandapo humpiga puani kwa harufu yake. Basi fundi anunua kwa fedha jina la kitu ambacho harufu yake imo karakanani mwake bure. Jambo hili lilitukiaje? Wengi watasema kwamba petroli ilikuja ikaishinda tapentaini, na hawakukosea. Lakini kwa maoni yangu shauri lenyewe lilikwisha kuamuliwa katika nyanda zetu za juu siku mbegu zilipochaguliwa.

Kwanza tueleze mafuta hayo hupatikanaje. Msonobari ukijeruhiwa hutoa utomvu mzito unatao, ambao ndio dawa yake ya kufunga jeraha na kuwazuia wadudu. Utomvu huo ni vitu viwili vilivyoungana: mafuta mepesi, takriban sehemu moja katika tano, nayo ndiyo tapentaini, na ulimbo mgumu wa rangi ya asali, utumikao katika sabuni, gundi, wino na utengenezaji wa karatasi. Kuvitenga viwili hivyo ni kukeneka. Ye yote aliyeona gongo likipikwa, ijapokuwa sheria yalikataza, hahitaji maelezo mengi: pipa juu ya moto, bomba lipitalo katika maji baridi, na matone upande wa pili. Tofauti ni hii, kwamba tapentaini peke yake huchemka kwenye nyuzi 155 hivi za sentigredi, moto uwezao kuiharibu; lakini ikipikwa pamoja na maji hupanda na mvuke wake kabla ya kufika nyuzi 100, kisha ikipoa huelea juu ya maji, ikachotwa.

Njia ya pili haina haja na mti ulio hai. Visiki na mioyo ya magogo yaliyoshiba utomvu hupasuliwa vipande, vikafungiwa ndani ya chombo kisichopitisha hewa, na moto ukakokwa nje yake. Hutangulia maji na tapentaini. Hufuata maji makali kama siki. Mwisho hutoka lami nyeusi, na ndani hubaki makaa. Mchoma mkaa wa Momba au Mbozi aifanya kazi hiyo nusu yake. Miti aichomayo ni ya miombo, si msonobari, lakini kanuni ni moja: tanuri lake la udongo humpa makaa, na mengine yote huyaachia moshi.

Ulaya ya kaskazini haikuuachia moshi kitu. Uswidi na Ufini zilikeneka lami ya msonobari katika mashimo ya udongo kwa karne nyingi, kwa kuwa merikebu ya mbao haikai majini bila lami, wala kamba zake hazidumu. Mwaka 1648 kampuni moja ya Uswidi ilipewa haki ya kuuza lami peke yake, na Uingereza, yenye merikebu nyingi na misonobari michache, ikajikuta yamtegemea mtu mmoja katika silaha yake kubwa. Ndipo mwaka 1705 Bunge la Uingereza lilipotoa ruzuku kwa lami na tapentaini zitokazo katika makoloni yake ya Amerika. Kutoka hapo misitu ya Carolina ya Kaskazini, na baadaye Georgia na Florida, ikawa chemchemi ya tapentaini ya dunia. Waliogema walikuwa watumwa wa Kiafrika. Na utumwa ulipokwisha mwaka 1865, kambi nyingi ziliendelea kuwashika wafanyakazi weusi kwa madeni ya dukani na kwa kukodisha wafungwa. Miti nayo haikutendewa vema, maana shimo la kukingia utomvu lilichongwa katika shina lenyewe, mti ukadhoofika ukaangushwa na upepo. Mnamo mwaka 1901 mwalimu wa kemia aitwaye Charles Herty alianza kujaribu kukinga utomvu kwa kikombe kilichotundikwa chini ya jeraha, na mti ukapata kuishi. Jambo dogo kama kikombe, na lilingoja miaka karibu 200! Baada ya misitu kukatwa, wenye viwanda walivirudia visiki vilivyoachwa, wakaving'oa na kuvikeneka kwa mvuke.

Pwani yetu haikuwa na misonobari. Neno lenyewe tulilipata kwa Waarabu, likakaa vitabuni na vinywani mwa wenye elimu kabla mti wake haujaota hapa. Na hata leo mkulima wa nyanda za juu aghalabu husema mapaini. Jahazi la Mswahili lilikalafatiwa kwa pamba na mafuta, likapakwa sifa ya papa ubavuni na shahamu chini, wala halikuidai lami ya Uswidi. Walakini pwani ilikuwa na utomvu wake, nao ni sandarusi. Ile iliyo bora ilichimbwa mchangani, mahali miti iliyoidondosha ilipokwisha kuoza zamani. Ile mpya iliitwa chakazi, nayo ilikuwa duni. Richard Burton, aliyesafiri huku kati ya mwaka 1857 na 1859, aeleza jinsi wafanya biashara wageni walivyolipotoa neno hilo kuwa jina la punda kwa Kiingereza. Wamarekani wa Salem, waliokwisha kufanya mkataba na Sayyid Said mwaka 1833, waliichukua sandarusi ya Zanzibar kwa shehena, ikapelekwa kwa watengenezaji wa vanishi.

Hapo ndipo pana jambo ambalo wanahistoria wa biashara ya Zanzibar huligusa kwa haraka. Sandarusi peke yake si vanishi. Hupasa iyeyushwe kwa moto mkali, ichanganywe na mafuta ya kitani, kisha izimuliwe kwa tapentaini ndipo ipakike. Kwa hiyo utomvu uliochimbwa na watu wa Mrima ulikutana chunguni na utomvu uliogemwa na watumwa wa Carolina, na wote wawili hawakujua. Mchimbaji alilipwa kwa kipimo cha mawe ya sandarusi, mgemaji hakulipwa kitu. Faida ilikaa na mwenye chungu.

Tuiache pwani sasa tupande nyanda za juu, ambako msonobari uliletwa kwa mkono wa Idara ya Misitu wakati wa ukoloni wa Kiingereza. Majaribio ya Sao Hill, wilayani Mufindi, yalitangulia Uhuru. Na katika miaka ya 1960 na 1970 upandaji ulipanuliwa sana, hata shamba hilo likawa kubwa kuliko yote ya serikali. Rungwe nako palipandwa. Mti uliopewa nafasi kubwa ni Pinus patula, ambao kwao ni milima ya Mexico. Sababu zake zilikuwa njema: huvumilia baridi ya mwinuko, hukua upesi, hunyoka, na mbao zake hufaa kwa ujenzi na karatasi. Pamoja nao ilipandwa kwa uchache Pinus elliottii na Pinus caribaea.

Mwanafunzi wa historia na aangalie majina hayo matatu. Pinus elliottii ni mmoja wa miti ile ile ya Georgia na Florida iliyoilisha dunia tapentaini. Pinus caribaea nao hugemwa. Lakini Pinus patula, ulio mwingi kwetu, hutoa utomvu haba, na mafuta yake yana upungufu wa pinini, ile sehemu ya tapentaini ambayo viwanda huitafuta ili kufanya manukato, kafuri na dawa za kusafishia. Mwenye kuchagua mbegu aliiona nguzo, ubao na karatasi. Utomvu hakuuona, au aliuona akaupuuza. Simlaumu. Katika miaka hiyo vanishi ilikuwa imekwisha kuanza kuzimuliwa kwa mafuta ya petroli yaliyo rahisi, na mwaka 1968 bomba la TAZAMA lilianza kupeleka mafuta ya ardhini kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, likipita katika ukanda huu huu wa kusini. Nani angetega kikombe mtini wakati mto wa petroli wapita karibu? Lakini uamuzi wa mbegu hauondoki upesi kama bei ya petroli. Msonobari wa mbao hukaa shambani miaka 20 na zaidi, na mbegu ya kupanda tena huokotwa chini ya mti ule ule.

Hata hivyo haba si kusema hakuna. Katika miaka ya karibuni ugemaji umeanza Sao Hill. Gome hubanduliwa kwa ukanda mwembamba, jeraha hupakwa tindikali ili lisifunge, na utomvu hukingwa chini yake. Kazi yenyewe si ngeni kwa wenyeji kama idhaniwavyo: watu wa Iringa na Njombe wanaogema ulanzi wajua tangu utotoni kwamba mmea hukatwa kidogo kidogo, kwa wakati wake, wala hauendewi kwa pupa. Kilicho kigeni ni tindikali, nayo huunguza ngozi na macho. Mgemaji apewaye chupa bila glavu ameingizwa katika historia ya Georgia kwa mlango wa nyuma.

Baada ya kugemwa lipo swali la chungu, na hapo mfano wetu uko Pemba. Makonyo ya karafuu, yaani vikonyo vibakiavyo karafuu ikichambuliwa, hukenekwa kwa mvuke katika kiwanda cha Wawi, karibu na Chake Chake, na mafuta yake huuzwa ng'ambo. Mtambo wa msonobari hautofautiani nao kwa kanuni. Tofauti ni katika wingi: makonyo huletwa kwa magunia na wakulima wengi, na kiwanda huwangoja wao, utomvu wadai miti mingi iliyokomaa mahali pamoja, na mti usiotimiza unene wa sentimita 20 hivi haufai kugemwa. Mkulima mdogo auzaye miti yake ikiwa na miaka minane au kumi, kwa sababu ada ya mtoto haingoji, hawezi kuwa mgemaji. Huuza mafuta pamoja na ubao, kabla mafuta hayajawa kitu.

Hayo ndiyo yanayoukabili Mkoa wa Songwe, uliotengwa na Mbeya mwaka 2016. Uwanda wake wa Mbozi ni nchi ya kahawa, wala hauna sababu ya kuiacha. Lakini katika milima ya Ileje lipo shamba la miti la serikali la Iyondo Mswima, lililo changa likilinganishwa na Sao Hill, na majirani zake nao wapanda misonobari kwenye viunga vyao. Wanunuapo miche huulizana bei, na kama itakubali baridi. Aina ya mti haiulizwi, maana miche yote ya msonobari ikiwa kitaluni hufanana machoni: majani membamba kama sindano, shina jembamba, na udongo uliofungwa katika mfuko mweusi. Lakini aliye na jicho huhesabu sindano. Zile za patula aghalabu hutoka tatu tatu, laini, zikining'inia kama nywele zilizochanwa. Zile za elliottii ni ngumu, husimama, na hutoka mbili mbili au tatu tatu kutoka kikonyo kimoja.