Pemba: Matembezi ya likizo kwa familia zenye watoto wadogo

LIKIZO ya Desemba huangukia msimu wa kaskazi, kipindi cha joto kabla ya mvua za masika. Kwa familia iliyoko Pemba, pa kuanzia ni Kidike, kaskazini mwa Chake Chake, kuliko na popo wa Pemba, asiyepatikana kwingine duniani. Mabawa yake yakikunjuliwa yaweza kufikia mita 1.6. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 alikaribia kutoweka kwa kuwindwa na kukatiwa misitu. Wanavijiji walimlinda, akaongezeka. Hivyo mtoto aaswe mapema asirushe mawe.

Msitu wa Ngezi, karibu na Konde, una kivuli na njia za miguu. Mbele yake upo ufukwe wa Vumawimbi. Kabla ya kuogelea, wazazi waulize wenyeji saa za maji kujaa na kupwa.