Mguu kifundo: Upasuaji wa kuunganisha viungo kwa vijana

Takriban mtoto mmoja kati ya 1,000 huzaliwa na mguu kifundo, yaani wayo uliopinda kwa ndani huku kisigino kikiwa kimevutwa juu. Akifikishwa hospitali mapema, hutibiwa kwa njia ya Dk. Ignacio Ponseti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani: wayo hunyooshwa taratibu kwa hogo linalobadilishwa kila wiki, kano ya kisigino hukatwa ikihitajika, kisha mtoto huvalishwa viatu maalumu vya kulalia hadi umri wa miaka minne au mitano.

Wapo, hata hivyo, waliochelewa kutibiwa, na wengine ambao wayo ulipinda tena baada ya viatu kuachwa mapema. Mifupa yao hukomaa ikiwa imepinda. Hukanyagia ukingo wa nje wa wayo, pengine hata mgongo wake, hadi ngozi ikaota sugu na kufanya vidonda. Kwa baadhi yao, daktari bingwa wa mifupa hupendekeza upasuaji wa kuunganisha viungo vitatu, ulioelezwa na Edwin Ryerson wa Chicago mwaka 1923.

Kiungo kikuu cha kifundo, kinachoinua na kushusha wayo, hakiguswi. Vinavyounganishwa ni kile kilicho juu ya mfupa wa kisigino na viwili vilivyo mbele yake, kimoja upande wa ndani na kingine wa nje. Gegedu huondolewa, mfupa hukatwa kwa umbo la kabari, wayo hunyooshwa, na mifupa hushikizwa kwa skrubu au pini ili iote pamoja. Hogo hukaa wiki 10 hadi 12. Za mwanzo mgonjwa hutembelea magongo bila kukanyaga.

Umri ndio mzani wa uamuzi. Wayo wenye kifundo kwa kawaida ni mfupi kuliko mwenzake, na viungo vikiunganishwa mapema hudumaa zaidi. Kwa hiyo wapasuaji wengi husubiri miaka 10 hadi 12 au zaidi.

Gharama yake haiishii hospitalini. Wayo hauwezi tena kujipinda kufuata mabonde na mawe, na mzigo huo huhamia kwenye kifundo. Utafiti wa Iowa uliochapishwa mwaka 1999 uliwafuatilia watu waliofanyiwa upasuaji huu kwa kasoro mbalimbali za nyayo: baada ya wastani wa miaka 44, vifundo vyote vilionyesha dalili za kulika, ingawa asilimia 95 ya wagonjwa walisema wameridhika.

Kwa sababu hiyo, kijana ambaye wayo wake bado unalegea hufikiriwa kwanza kwa hogo, kuhamishiwa kano, kukatwa mfupa bila kugusa viungo, au fremu ya Ilizarov.

Baada ya upasuaji, vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi au kufa ganzi ndani ya hogo, mgonjwa arudishwe hospitali mara moja, hata usiku.