Mti Uliogeuka Kamba

Mwaka 1962, wanahisabati wawili wa Moscow, Georgy Adelson-Velsky na Evgenii Landis, walichapisha makala ya kurasa chache kuhusu namna ya kupanga habari ndani ya kompyuta. Kiini chake kilikuwa kimo cha mti.

Mti wa kompyuta huota kichwa chini: mzizi juu, matawi yakishuka. Kila kifundo kina watoto wasiozidi wawili, kidogo kushoto na kikubwa kulia. Ukitafuta jina unaanzia mzizini, na kila ukishuka ngazi moja unaachana na upande mzima. Majina milioni moja, mti ukijaa vizuri, yanaenea katika ngazi 20. Ishirini tu!

Lakini hebu yaingize yakiwa yamepangwa tayari: Achieng, Barasa, Chebet, Kamau... Kila jina linafuata lililotangulia, kwa hivyo kila moja linakwenda kulia. Kushoto hakuoti kitu. Ukimaliza una mti wa ngazi milioni moja, yaani kamba. Na kinachoudhi ni kwamba daftari nadhifu ndilo linaloharibu mti, fujo huusaidia.

Mwaka huohuo, Mmarekani Thomas Hibbard alionyesha kwamba majina yakija ovyo ovyo, kutafuta huchukua kwa wastani takriban mara 1.4 tu ya hatua za mti bora. Habari njema, ila ni ya wastani. Kwani nani aliahidi kwamba majina yatakuja ovyo? Watu hupanga vitu kwa tarehe, kwa namba, kwa alfabeti.

Wale wa Moscow hawakutaka kutegemea bahati. Waliweka sheria: kwenye kila kifundo, kimo cha upande wa kushoto na cha kulia kisipishane kwa zaidi ya ngazi moja. Jina jipya likivunja sheria, mti unazungushwa pale palipoharibika: mtoto anapanda mahali pa mzazi, mzazi anashuka, tawi moja linabadilisha mwenyewe, na mpangilio wa majina haubadiliki.

Mbona wasidai usawa kamili? Kwa sababu hauwezekani. Mti wa majina mawili tayari umeegemea upande mmoja. Na kung'ang'ania zile ngazi 20 daima kungemaanisha kupangua sehemu kubwa ya mti kwa ajili ya jina moja jipya. Kwa hivyo waliruhusu kasoro, kisha wakaipima. Mti mwembamba kabisa unaotii sheria yao unahitaji majina 4 kufika ngazi ya tatu, 7 ya nne, 12 ya tano. Kila hesabu ni jumla ya mbili zilizotangulia, ongeza moja. Kufika ngazi ya 29 unahitaji majina 1,346,268. Basi ukiwa na milioni moja, hata adui akikuchagulia mpangilio, huvuki ngazi 28.

Mti huo ukaitwa AVL, kwa herufi za majina yao. Adelson-Velsky ana mbili, Landis moja: tofauti ya moja, inaruhusiwa.

Baadaye ulegevu ukaongezeka. Mwaka 1972 Rudolf Bayer alieleza mti ambao mwaka 1978 Leonidas Guibas na Robert Sedgewick waliupa rangi nyekundu na nyeusi. Huo, kwa majina milioni, unaweza kukaribia ngazi 40. Ni mrefu zaidi, ila haudai marekebisho mengi, na ndio uliomo ndani ya TreeMap ya Java.