Kabla Hujarekebisha Mguu wa Mbuzi

Umempiga mbuzi wa jirani picha kwa simu akiwa anatembea, umekaa mezani na penseli, unachora. Kichwa kimetoka vizuri. Ukifika miguuni unasita: mbona mmoja umekunjwa hivyo? Mkono unataka kuurekebisha ukae "sawasawa". Subiri kwanza. Hapo hapo ndipo wachoraji wakubwa walipokwama kwa miaka mingi.

Tafuta mchoro wa Théodore Géricault wa mbio za farasi za Epsom, wa mwaka 1821, uliopo Louvre, Paris. Farasi wanapaa, miguu ya mbele imenyooshwa mbele kabisa, ya nyuma imenyooshwa nyuma. Unapendeza kweli. Tatizo ni kwamba hakuna farasi anayepiga shoti namna hiyo.

Wala si uvivu. Hatua za farasi anayekimbia ni za haraka mno kwa jicho letu kuzitenganisha, kwa hiyo mchoraji alimalizia kwa kubuni, na aliyemfuata akaiga.

Leland Stanford, tajiri wa reli aliyewahi kuwa gavana wa California, alitaka kujua farasi anakwendaje hasa, akampa kazi mpiga picha Eadweard Muybridge. Juni 1878, huko Palo Alto, Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia, kila moja na uzi wake uliokatiza njia. Farasi anapita, anagusa uzi, kamera inafyatuka. Ikaonekana kwamba ni kweli, kuna wakati kwato zote nne ziko hewani. Lakini kumbe si pale miguu inaponyooka! Ni pale inapokusanyika chini ya tumbo.

Mwaka 1887 alitoa mkusanyiko wa kurasa 781 za picha za wanyama na watu wakiwa katika mwendo, na Edgar Degas alichora farasi kwa kutazama picha zake. Mchongaji Auguste Rodin yeye alikataa: kwake msanii ndiye mkweli na picha ndiyo inayodanganya, maana wakati hausimami. Mimi naona ana hoja, ila kwanza ujue ukweli ndipo uuvunje kwa makusudi.

Je, picha zilimaliza tatizo? Mwaka 2012 Gábor Horváth na wenzake wa Hungary walichapisha utafiti wa kazi 1,000 za sanaa zinazoonyesha wanyama wa miguu minne wakitembea. Kabla ya Muybridge, wasanii wa zama zetu hizi walikosea miguu kwa asilimia 83.5. Baada yake, 57.9. Na watu wa kale, wale wa mapangoni? Asilimia 46.2. Yaani wawindaji wasio na kamera waliwashinda wenye kamera!

Sasa rudi kwa mbuzi wako. Akitembea taratibu, mpangilio ni huu: nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia, mbele kulia. Mguu wa nyuma ukikaribia kukanyaga, wa mbele wa upande uleule unakuwa karibu kuinuka, kana kwamba unaupisha. Piga picha tano au sita mfululizo akitembea, zichore zote haraka haraka kwa vijiti tu, bila manyoya wala macho. Ukishaona mguu ule uliokunjwa umetoka wapi na unakwenda wapi, chagua picha moja uanze mchoro wenyewe.