Goma: Barabara ya matembezi iliyogeuka ya ukimbizi
Goma, Kivu Kaskazini – Zamani familia za Rutshuru na Sake zilishuka Goma Jumamosi kwa matembezi, zikarudi Jumapili. Watoto walioneshwa Ziwa Kivu, kisha mawe meusi ya volkano: tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji hadi ziwani, na raia wakajenga tena juu ya mawe hayo. Tangu 2009 kukaongezeka sanamu ya chukudu, kigari cha mbao cha kubebea mizigo.

Kuanzia 2022, vita kati ya M23 na jeshi la serikali vilirudisha familia hizo kwa barabara zilezile, magodoro kichwani, hadi kambi za Kanyaruchinya na Bulengo. Mtoto aliyezaliwa kambini hajui Goma ya matembezi, wazazi wamsimulie.