Kuondoka Chuoni Mapema: Wachezaji wa Mpira wa Kikapu wa Kanda Yetu na Uteuzi wa NBA, 1985–2025

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya wachezaji wa mpira wa kikapu kutoka Sudan Kusini na nchi jirani walioingia katika ligi ya NBA baada ya kukaa muda mfupi tu katika vyuo vikuu vya Marekani, au bila kupitia vyuo hivyo kabisa. Safari za Manute Bol, Luol Deng, Jonathan Kuminga na Khaman Maluach zinalinganishwa na ya Dikembe Mutombo, aliyehitimu kwanza. Inaoneshwa kwamba muda wa kukaa chuoni umeamuliwa na kanuni za ligi, umri na hati za kusafiria kuliko na mapenzi ya kijana kwa elimu. Aidha, makala inadai kwamba istilahi za Kiswahili zinazotumika kueleza jambo hili humficha mwenye uamuzi, na inatoa mapendekezo kwa watunga sera wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Umurenge wa Ndera uko upande wa mashariki wa Jiji la Kigali, katika Wilaya ya Gasabo. Katika wilaya hiyo hiyo, huko Remera, umesimama ukumbi wa BK Arena uliofunguliwa Agosti 2019, na ambao Mei 2021 ulipokea msimu wa kwanza wa Ligi ya Mpira wa Kikapu Afrika, BAL. Tarehe 27 Mei 2023, fainali ya msimu wa tatu ilichezwa humo: Al Ahly ya Misri iliishinda AS Douanes ya Senegali kwa alama 80 kwa 65. Katika kikosi cha AS Douanes msimu huo alikuwamo kijana wa miaka 16, Khaman Maluach, mzaliwa wa Rumbek, Sudan Kusini, aliyekulia Kawempe, Kampala.

Miaka miwili baadaye, tarehe 25 Juni 2025, jina la Maluach lilitajwa Brooklyn katika nafasi ya 10 ya uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Duke kwa mwaka mmoja tu. Mzazi wa Ndera mwenye mtoto mrefu anayecheza katika uwanja wa shule ana sababu ya kuuliza: kijana huyu ameacha chuo? Aliyeamua ni nani? Na mwanangu akifika hapo, nimshauri nini? Makala hii inajaribu kumjibu mzazi huyo kwa kurejea historia, kisha inaangalia lugha ambayo kwayo jibu hilo humfikia.

2.0 Kanuni Iliyozaa Neno "Mapema"

Neno "mapema" huwa na maana pale tu panapokuwa na muda uliowekwa. Hadi mwaka 1971, NBA haikumpokea mchezaji kabla ya kutimia miaka minne tangu kundi lake la shule ya sekondari lihitimu. Yaani, muda wa shahada ya kwanza. Spencer Haywood, aliyezaliwa Mississippi katika familia ya wachuma pamba, alisaini mkataba na timu ya Seattle kabla ya muda huo kutimia, na ligi ikampinga. Shauri lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo Machi 1971 ilirejesha amri iliyomruhusu kucheza. Ligi ikalegeza msimamo, lakini kwa sharti: aliyetaka kuingia kabla ya wakati alipaswa kuthibitisha kwamba familia yake ina dhiki ya kiuchumi. Sharti hilo liliondolewa mwaka 1976.

Tangu hapo mlango ulizidi kupanuka. Mwaka 1995 Kevin Garnett aliteuliwa moja kwa moja kutoka sekondari, na wengi wakamfuata. Makubaliano ya mwaka 2005 kati ya ligi na chama cha wachezaji yaliufunga tena kwa kiasi: kuanzia uteuzi wa 2006, mchezaji sharti atimize miaka 19 ndani ya mwaka wa uteuzi, na aliyesoma sekondari Marekani sharti uwe umepita angalau mwaka mmoja tangu darasa lake lihitimu. Hapo ndipo ulipozaliwa mtindo wa kukaa chuoni mwaka mmoja na kuondoka.

Kwa hiyo, kile kinachoitwa leo "kuondoka mapema" kimebadilika maana angalau mara tatu katika nusu karne. Mwaka 1970 kilikuwa kosa; baada ya 1971 kikawa ruhusa ya mwenye dhiki; baada ya 2005 kikawa utaratibu wa kawaida uliobuniwa na kanuni yenyewe.

3.0 Safari Nne na Moja

Manute Bol, Mdinka aliyezaliwa katika iliyokuwa Sudan, ndiye wa kwanza katika mlolongo huu. Mwaka 1983 timu ya San Diego Clippers ilimteua, lakini ligi ikaubatilisha uteuzi huo. Mwaka huohuo vita vya pili vya wenyewe kwa wenyewe vilianza nchini kwake. Bol alianza kwa kujifunza Kiingereza mjini Cleveland, kisha akacheza msimu mmoja, wa 1984–85, katika Chuo Kikuu cha Bridgeport, jimbo la Connecticut. Mwaka 1985 Washington Bullets walimteua katika nafasi ya 31. Kikwazo chake cha kwanza kilikuwa lugha, na kwa mtafiti wa lugha jambo hilo halipaswi kupita hivi hivi.

Luol Deng alizaliwa Wau mwaka 1985. Familia yake ilikimbilia Misri, ambako alikutana na Bol, na baadaye ikapata hifadhi London. Alicheza Duke msimu mmoja, wa 2003–04, akafika nusu fainali ya kitaifa San Antonio, kisha akajitangaza kwa uteuzi. Phoenix Suns walimteua katika nafasi ya 7 kwa niaba ya Chicago Bulls. Wakati huo kanuni ya mwaka mmoja haikuwapo. Kisheria, Deng angeweza kwenda NBA bila kukanyaga chuo. Tangu 2019 yeye ndiye rais wa Shirikisho la Mpira wa Kikapu la Sudan Kusini.

Jonathan Kuminga alizaliwa mwaka 2002 Goma, mji wa wazungumzaji wa Kiswahili unaopakana na Rubavu. Yeye hakwenda chuo kabisa. Alijiunga na Ignite, timu ya vijana iliyoanzishwa mwaka 2020 ndani ya ligi ya maendeleo ya NBA ili kuwalipa mshahara wale ambao wangelazimika kusubiri chuoni. Mwaka 2021 Golden State Warriors walimteua katika nafasi ya 7. Timu ya Ignite ilifungwa mwaka 2024, kwa sababu tangu Julai 2021 wanamichezo wa vyuo wameruhusiwa kupata fedha kwa matumizi ya majina na sura zao, na njia hiyo mbadala ikapoteza mvuto.

Maluach ndiye wa karibuni zaidi. Kutoka Kampala alikwenda katika akademia ya NBA iliyoko Saly, Senegali, akacheza BAL kwa timu tatu za nchi tatu: Cobra Sport ya Sudan Kusini, AS Douanes, na City Oilers ya Uganda. Alichezea taifa lake Kombe la Dunia la 2023 na Olimpiki ya Paris 2024, ambako Sudan Kusini iliishinda Puerto Rico 90 kwa 79. Kisha Duke, na nusu fainali ya kitaifa San Antonio, mji uleule wa Deng. Uteuzi wake ulifanywa na Houston kwa ajili ya Phoenix.

Tarehe yake ya kuzaliwa ni 14 Septemba 2006. Kwa kanuni ya miaka 19, mwaka wa kwanza ambao angeweza kuteuliwa ulikuwa 2025. Hakuondoka mapema kwa kipimo cha ligi. Aliondoka siku mlango ulipofunguliwa. Mwaka wa Duke ulikuwa mwaka ambao, kwa vyovyote vile, alitakiwa kusubiri mahali fulani.

Kando ya hao wanne asimame Dikembe Mutombo wa Kinshasa. Alifika Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1987 akikusudia kusomea udaktari, akahitimu mwaka 1991 katika isimu na diplomasia, na akateuliwa na Denver katika nafasi ya 4 akiwa na umri wa miaka 25. Mara nyingi mfano wake hutumiwa kuwalaumu wanaoondoka. Lakini Mutombo alifika Marekani akiwa mtu mzima kwa ufadhili wa masomo, na alianza kucheza chuoni baadaye. Maluach alipoteuliwa alikuwa na miaka 18. Kuwapima wawili hao kwa mizani moja ni kusahau kwamba njia zao hazikuwa moja.

4.0 Hati ya Kusafiria kama Kanuni ya Pili

Tarehe 5 Aprili 2025, Duke ilifungwa na Houston 70 kwa 67 katika nusu fainali. Siku hiyohiyo, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Marco Rubio, alitangaza kufutwa kwa viza zote za wenye pasipoti za Sudan Kusini. Chanzo kilikuwa mzozo kuhusu mtu mmoja aliyefukuzwa Marekani, ambaye serikali ya Juba ilisema ni Mkongomani. Siku chache baadaye Juba ilikubali kumpokea. Hata hivyo, tangazo lilikuwa limemgusa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyekuwa uwanjani usiku huo.

Tukio hilo linaonesha kwamba kwa kijana wa kanda yetu "kubaki chuoni" kuna gharama ambayo mwenzake Mmarekani haijui. Viza ya mwanafunzi inaweza kuondolewa kwa sababu isiyohusiana na masomo wala mchezo. Viza hiyo pia humbana katika kufanya kazi ya malipo, hivyo fedha za jina na sura wanazopata wenzake si rahisi kwake kuzigusa. Juni 2025, tangazo jingine la Marekani lilisimamisha utoaji wa viza za wanafunzi kwa raia wa Burundi, nchi mwanachama wa Jumuiya yetu. Nafasi ya uteuzi, kinyume chake, huleta mkataba.

Ikumbukwe kwamba mkataba huo nao una mipaka. Aliyeteuliwa raundi ya kwanza hulipwa kwa kiwango kinachofuata nafasi yake. Miaka miwili ya kwanza huwa na dhamana, na timu ndiyo huamua kuhusu wa tatu na wa nne. Wa raundi ya pili hana dhamana hiyo. Na nafasi zote kwa mwaka, kwa dunia nzima, hazizidi 60.

5.0 Istilahi na Mwenye Uamuzi

Kiswahili, ambacho tangu 2017 ni lugha rasmi nchini Rwanda pia, kinaelezaje haya? Istilahi tatu ndizo zinazojitokeza.

Ya kwanza ni "kuacha chuo". Kwa msikilizaji, maneno haya yanakaribiana na utoro: mwenye kosa ni mwanafunzi. Historia iliyoelezwa hapo juu haiungi mkono lawama hiyo.

Ya pili ni "usajili", lililozoeleka katika soka. Usajili ni mapatano: klabu inataka, mchezaji anakubali au anakataa. Katika utaratibu wa NBA mchezaji hachagui timu wala mji. Timu huchagua kwa zamu, na haki juu yake inaweza kuhamishiwa timu nyingine, kama ilivyotokea kwa Deng na kwa Maluach. Kumwambia mzazi kwamba mwanawe "amesajiliwa" ni kumpa picha ya uhuru ambao haupo.

Ya tatu ni "drafti", neno lililotoholewa kutoka Kiingereza. Ubaya wake ni kwamba drafti tayari ni mchezo wetu wa kete unaochezwa barazani na vijiweni. Mtu anaweza kutania kwamba sitiari hiyo inafaa, kwa kuwa kete haiulizwi inakopelekwa. Lakini utani hauelimishi.

Makala hii inapendekeza "uteuzi wa zamu". Neno "uteuzi" linaonesha kwamba anayetenda ni timu, na "zamu" inaonesha utaratibu wake. Kwa kitendo cha mchezaji, "kujitangaza kwa uteuzi" kinafaa kuliko "kuacha chuo", hasa kwa kuwa aliyejitangaza anaweza kuondoa jina lake kabla ya siku ya mwisho na kurejea chuoni. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Kazi ya istilahi ni kumwambia huyo hasa.

6.0 Mapendekezo kwa Watunga Sera

Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na mashirikisho ya mchezo huu, itayarishe mwongozo mfupi wa Kiswahili unaoeleza kanuni ya umri, uteuzi wa zamu, siku ya kuondoa jina, dhamana ya mkataba na aina za viza. Kijana asilazimike, kama Bol, kufika ugenini ndipo aanze kuielewa lugha inayoamua maisha yake.

Pili, nchi wanachama ziwe na sauti ya pamoja kuhusu viza za wanafunzi wanamichezo. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022. Mgogoro wa Aprili 2025 uligusa uraia wa nchi zote mbili.

Tatu, na pengine hili ndilo zito zaidi, sera iwaangalie wasioteuliwa. Kwa kila Maluach wapo vijana waliohama shule kwa ajili ya mchezo na hawatasikia majina yao yakitajwa. Vyuo vikuu vya kanda viweke njia ya kuwapokea, pamoja na wale watakaotaka kurudi darasani baada ya kucheza.

7.0 Hitimisho

Tangu Bol hadi Maluach ni miaka 40. Katika muda huo kanuni zimebadilika, lakini kijana wa kanda yetu ameendelea kukutana na chuo cha Marekani kama kituo cha njiani ambacho wengine ndio hupanga muda wa kukaa humo. Mzazi wa Ndera, kwa hiyo, ajibiwe hivi: kijana yule hakukimbia masomo, alifuata ratiba iliyoandikwa na ligi, chini ya pasipoti ambayo ingeweza kukataliwa wakati wowote. Kabla hajamshauri mwanawe, aulize mkataba una dhamana ya miaka mingapi, viza ni ya aina gani, na asipoteuliwa atasoma wapi. Anastahili kuyapata majibu hayo kwa lugha anayoielewa, na kwa maneno yasiyomficha anayeamua.