Altare Moja, Madarasa Matatu

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Sawa, lakini wahenga hao hawakuwahi kupewa fomu ya kuchagua shule. Muulize mzazi yeyote wa Nairobi anayemtafutia kijana wake shule ya upili, hasa akiwa Mkatoliki. Atakujibu kabla hujamaliza swali: "Nataka shule ya mafadha, bwana. Huko kuna nidhamu." Mimi nilishamaliza kidato cha nne, kwa hivyo sina fomu ya kujaza. Nina swali tu. Hili neno "kuchagua" limeanza lini hapa jijini kwetu? Ukifungua historia utakuta kwamba kwa miaka mingi kijana hakuichagua shule. Shule ndiyo iliyomchagua yeye, na ilianza kwa kumtazama ngozi.

Turudi nyuma kidogo. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Mwaka huo huo Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya St. Austin's magharibi ya mji, na pale wakapanda kahawa. Sehemu hiyo ndiyo tunayoiita Lavington leo. Katika enzi ya ukoloni upande huo wa mji ulikuwa wa Wazungu. Wahindi walikuwa Ngara na Parklands, na Mwafrika alikuwa Pumwani, baadaye Kaloleni na mitaa mingine ya Eastlands. Serikali iligawa shule jinsi ilivyogawa mitaa. Prince of Wales School, iliyofunguliwa 1931 na ambayo leo ni Nairobi School, ilikuwa ya wavulana wa Kizungu. Mtoto wa Pumwani angeweza kupita nje ya lango lake akibeba mzigo wa mtu, lakini si akibeba vitabu vyake mwenyewe.

Na Kanisa je? Hapa ndipo mambo yanaponikoroga kichwa. Misa ilikuwa moja, Kilatini kile kile, Mzungu na Mwafrika wote wakipiga goti. Lakini Mwafrika alikuwa na kanisa lake la St. Peter Claver's, na Mzungu akienda Holy Family. Wagoa, ambao ni Wakatoliki wa tangu zamani, walikuwa na shule ya jumuiya yao huko Parklands, iliyopewa jina la Dr. Ribeiro, yule daktari aliyekuwa akizunguka Nairobi juu ya punda milia. Mwaka 1939 Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua St. Mary's kwa ajili ya wavulana wa Kizungu. Ajabu ni kwamba shirika hilo hilo lilikuwa limeanzisha shule ya wavulana Waafrika tangu 1925 huko Kabaa, Ukambani, na baadaye ikahamia Mang'u karibu na Thika. Yaani mapadre ni wale wale, lakini mtoto mmoja anasoma ndani ya jiji na mwenzake anapanda gari kwenda mbali.

Usidhani kwamba hao wa Mang'u walikuwa wajinga. Mwai Kibaki alisoma pale kuanzia 1947 hadi 1950, akatoka na alama za juu kabisa, akaenda Makerere. Tom Mboya naye alikuwa pale, mwaka 1946 na 1947. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa shamba la mkonge. Mboya alipofaulu mtihani wake, pesa za kuendelea na masomo hazikupatikana. Akaenda Jeanes School, Kabete, kusomea ukaguzi wa afya. Kwa hivyo hata ndani ya lango ambalo rangi ilikuruhusu kupita, kulikuwa na lango la pili, nalo ni karo. Huenda ndiyo maana mwaka 1959 Mboya huyo huyo alihangaika kupeleka vijana 81 Marekani kwa ndege. Alijua maana ya kufungiwa mlango ukiwa umeshaweka mguu mmoja ndani.

Sasa tufike 1961. Hali ya hatari ilikuwa imeondolewa mwaka mmoja tu nyuma. Uhuru ulikuwa unanukia lakini haujaiva. Huko Lavington watu wa Opus Dei wakafungua Strathmore, chuo cha vijana wa kidato cha tano na sita. Mwanzilishi wa Opus Dei, Josemaría Escrivá, alishikilia kwamba mlango uwe wazi kwa kila rangi na kila dini, na kwamba kisiwe chuo cha misheni. Mwafrika, Mhindi na Mzungu wakaketi darasa moja. Leo tunasikia jambo hilo kama la kawaida. Lakini fikiria kijana aliyezaliwa 1943: maisha yake yote ameona shule tatu, mitaa mitatu, hospitali tatu. Kisha siku moja anaazima kalamu ya mwana wa Mzungu, na dari halianguki.

Baada ya Uhuru wa 1963 mambo yalikwenda mbio. Tume ya Ominde ya 1964 ilitaka ubaguzi wa rangi uondolewe shuleni. Sheria ya Elimu ya 1968 ikayafanya makanisa kuwa wadhamini tu wa shule nyingi, huku serikali ikishika usukani. St. Mary's ikafungua milango, na wana wa wakubwa wapya wakaingia. Uhuru Kenyatta alisoma pale. Strathmore nayo ilianzisha shule ya upili ya wavulana mwaka 1977, na kidato cha sita kikafutwa nchini mfumo wa 8-4-4 ulipoingia. Lango la kwanza, lile la rangi, lilivunjwa kabisa. Hilo lazima tulisifu, maana waliolivunja walihatarisha mengi.

Lakini lile la pili bado limesimama, ndugu msomaji. Toka Kaloleni leo, panda matatu mpaka mjini, panda nyingine mpaka Lavington. Hakuna askari atakayekuuliza kabila wala rangi. Utaulizwa karo tu, na ukiisikia utakumbuka njia ya kurudi nyumbani. Simlaumu mwalimu wala padre. Shule nzuri ina gharama zake, na walimu wanakula. Ninachokataa ni ile hadithi ya kwamba kila mzazi "amechagua". Mzazi wa Lavington anachagua. Mzazi wa Kaloleni anahesabu, kisha anampeleka mwanawe mahali hesabu ilipoishia, halafu anajiambia kwamba hapo ndipo alipotaka.

Sisi tunaotaka kuandika riwaya tunapenda kumfuata shujaa aliyeingia shuleni akatoka na cheti. Tumfuate pia yule aliyebaki nje ya lango mwaka 1939 na yule aliyeondoka mwaka 1947 kwa kukosa karo. Na ukimsikia mtu akijigamba kwamba yeye alichagua shule, muulize kwa upole: nani alilipa?